Timor-Leste 2007: aliyeongoza kura hakupewa serikali

Tuanze na namba kabisa, manake kisa chote hiki kimekalia namba. Bunge la Timor-Leste, nchi ndogo ya kusini-mashariki mwa Asia, lina viti 65, kwa hiyo ukitaka wingi unahitaji 33. Tarehe 30 Juni 2007 wananchi wakapiga kura, waliojitokeza ni zaidi ya asilimia 80, na matokeo ya vyama yakaja hivi: FRETILIN, chama kikongwe kilichotangaza uhuru, viti 21, CNRT, chama kipya cha Xanana Gusmão, viti 18, ASDT na PSD waliosimama pamoja 11, PD viti 8, alafu 7 vilivyobaki wakagawana wadogo. Rudia kuzisoma taratibu. Hakuna aliyefika 33, hakuna hata aliyekaribia. Wa kwanza ni wa kwanza kweli lakini ana theluthi tu ya bunge, na wa pili, wa tatu na wa nne wakikaa meza moja wanafika 37. Sasa serikali anaunda nani?

Hilo swali lilikaa wiki tano bila jibu na jibu lilipokuja nyumba za watu zikachomwa moto.

Mi nakiona hiki ni kisa kizuri sana cha kujifunzia uchaguzi kwenye nchi iliyotoka vitani juzi, kwa sababu hapa kura haikuibiwa, na hilo nalisisitiza. Tumezoea ugomvi wa uchaguzi uwe wa masanduku, fomu, na mawakala kufukuzwa vituoni. Hapa namba hazikupingwa, hata FRETILIN wenyewe hawakuzipinga, ugomvi ukaanza baada ya kila mtu kukubali kwamba namba ni hizo. Yani watu wamekubaliana nani kapata ngapi, wakashindwa kukubaliana maana yake ni nini.

Tuwajue kwanza wahusika. Wareno waliishika nusu ya mashariki ya kisiwa cha Timor kwa zaidi ya miaka 400, mapinduzi ya 1974 kule kwao yakawafanya waanze kuachia makoloni, na 28 Novemba 1975 FRETILIN ikatangaza uhuru. Siku tisa tu baadae, tarehe 7 Desemba, jeshi la Indonesia likaingia na likakaa miaka 24. Tume ya ukweli ya nchi hiyo ilikuja kukadiria kwamba watu wasiopungua 102,800 walikufa kwa ajili ya vita ile, wengi wao kwa njaa na magonjwa wakiwa wamekimbilia milimani au wamewekwa makambini, na hiyo ni nchi iliyokuwa na watu kama laki sita na nusu tu. Kila familia ilizika. Au haikupata hata cha kuzika. Tanzania ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama wakati huo, na 22 Desemba 1975 baraza zima likapitisha azimio namba 384 la kuitaka Indonesia itoe majeshi yake, Indonesia haikutoka. Ikaja kutoka baada ya kura ya maoni ya 30 Agosti 1999 ambapo asilimia 78.5 walikataa kubaki chini yake, alafu wanamgambo wakaichoma nchi, Umoja wa Mataifa ukasimamia mambo mpaka 20 Mei 2002 bendera ilipopandishwa.

Ndani ya historia hiyo kuna wanaume wanne, na ukiwajua hao wanne umeijua siasa ya Timor-Leste mpaka leo.

Xanana Gusmão ndo alikuwa kamanda wa msituni, akakamatwa 1992, akafungwa Jakarta, na jina lake likawa kama jina la nchi. Mari Alkatiri ni mmoja wa waasisi wa FRETILIN, aliondoka siku chache kabla ya uvamizi na miaka yote ile ya vita aliishi Msumbiji, ni Mwislamu mwenye asili ya Hadhramaut kwenye nchi ambayo karibu wote ni Wakatoliki (msomaji wa Mombasa au Unguja ukisikia hilo jina la Alkatiri unajua mwenyewe limetokea wapi). José Ramos-Horta alikuwa mdomo wa nchi huko nje, kwenye korido za Umoja wa Mataifa, na 1996 akapewa Nobeli ya amani pamoja na Askofu Belo. Wa nne ni Francisco Guterres, wote wanamwita Lu-Olo, huyu alibaki msituni miaka yote 24, hakushuka.

Wote wanne walilelewa na mama mmoja, FRETILIN. Xanana aliitoka chama katikati ya vita ili jeshi la msituni liwe la taifa zima na sio la chama, Ramos-Horta nae akatoka miaka hiyo hiyo, Alkatiri na Lu-Olo wakabaki. Kwa hiyo unaposikia FRETILIN na CNRT wanagombana usidhani ni wageni wawili, ni ugomvi wa ndugu wanaogombea nyumba ya baba, na tunajua ugomvi wa namna hiyo unavyokuwa mgumu.

FRETILIN wa Msumbiji walikaa na FRELIMO, wakasoma siasa ya FRELIMO, na FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam 1962, kwa hiyo ule mtazamo wa kwamba chama kilicholeta uhuru ndo taifa lenyewe tunaujua sana huku kwetu. Siwalaumu kuwa nao. Chama kimetangaza uhuru, kimezika watu wake, bendera ya taifa ni ile ile iliyopandishwa 1975 na rangi zake zinafanana na za chama, unamwambiaje mtu huyo kwamba kesho anaweza kukaa benchi la upinzani kama chama kingine chochote? Lakini nchi ya uchaguzi lazima ifike siku ya kumwambia hivo. Timor-Leste siku hiyo ilifika mapema sana, miaka mitano tu baada ya uhuru.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, wa kuchagua watu wa kuandika katiba. FRETILIN ikapata asilimia 57, viti 55 kati ya 88. Wakaandika katiba alafu lile bunge la katiba likajigeuza kuwa bunge la kawaida bila kurudi kwa wapiga kura, na Alkatiri akawa Waziri Mkuu. Kisheria haikuwa kosa, utaratibu uliruhusu. Ila nchi ikaanza maisha na wabunge waliochaguliwa kwa kazi nyingine, na urais akachukua Xanana kwa zaidi ya asilimia 82 bila chama. Serikali kwa FRETILIN, mapenzi ya watu kwa Xanana. Hapo mbegu imeshapandwa.

Alafu ikaja 2006, na bila 2006 huwezi kuelewa kwanini watu 2007 walikuwa na hasira vile. Wanajeshi karibu 600 wa upande wa magharibi mwa nchi walilalamika kwamba jeshini wanabaguliwa, vyeo wanapewa watu wa mashariki kwa sababu ndo waliopigana zaidi, wakaandika malalamiko, wakatoka makambini, na mwezi Machi wakafukuzwa wote kwa pamoja. Karibu 600 kwenye jeshi lenyewe la watu kama 1,400! Fikiria umefukuza zaidi ya theluthi ya jeshi kwa tangazo moja. Aprili wakaandamana Dili, mji mkuu, risasi zikapigwa, Mei jeshi na polisi wakaanza kuuana wenyewe kwa wenyewe, polisi wanane ambao walishaweka silaha chini na walikuwa wanasindikizwa na Umoja wa Mataifa wakapigwa risasi barabarani. Mji ukagawanyika, mtu wa mashariki anachomewa nyumba na jirani yake wa magharibi na kinyume chake, mgawanyo ambao zamani ulikuwa wa utani tu. Waliokimbia makwao walifika kama 150,000, mahema yakajaa mpaka karibu na uwanja wa ndege na kwenye viwanja vya makanisa.

Kanisa lilishakwaruzana na Alkatiri 2005 aliposema somo la dini shuleni liwe la hiari, kwa hiyo hata kule hakuwa na wa kumtetea. Xanana akiwa Rais akamwambia ajiuzulu la sivyo yeye mwenyewe anaondoka. Tarehe 26 Juni 2006 Alkatiri akajiuzulu, Ramos-Horta akashika uwaziri mkuu. Waziri wa mambo ya ndani wa Alkatiri, Rogério Lobato, alikuja kuhukumiwa miaka saba na nusu kwa kugawa silaha kwa raia.

Kwa macho ya FRETILIN pale palifanyika mapinduzi. Chama chenye viti 55 kimeng'olewa Waziri Mkuu wake na Rais asiye na mbunge hata mmoja. Kwa macho ya wengine wengi Alkatiri alikuwa kiongozi mkaidi aliyeiacha nchi iungue. Mi naona kila upande una chake cha kweli, ila kwa kisa chetu kubwa ni hili: wanaenda kwenye uchaguzi wa 2007 hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa salamu.

Mwanzoni mwa 2007 Xanana akaamua haendelei na urais, anaanzisha chama ili agombee serikali. Chama akakiita CNRT. Herufi hizo hizo nne zilikuwa za baraza la umoja wa mapambano, lile ambalo wananchi walilipigia kura 1999 kwa kuchagua uhuru, yeye akabadilisha maneno yanayosimamiwa na herufi ikawa kongamano la kujenga upya Timor lakini mzee wa kijijini akiona CNRT kwenye karatasi ya kura anaona uhuru. Kisiasa ni akili nyingi sana. Kwa FRETILIN ilikuwa ni kama mtu kachukua picha ya harusi ya familia akaweka dukani kwake.

Urais akagombea Ramos-Horta. Raundi ya kwanza ya Aprili Lu-Olo wa FRETILIN akaongoza kwa asilimia 27.9, Ramos-Horta 21.8. Raundi ya pili 9 Mei wote waliokuwa hawaitaki FRETILIN wakakusanyika nyuma ya Ramos-Horta, Xanana akiwa mbele yao, akashinda kwa asilimia 69. Ona sasa picha: aliyekuwa Waziri Mkuu kawa Rais, aliyekuwa Rais anautaka uwaziri mkuu, na yule wa kwanza ndo atakayeamua wa pili apewe au asipewe. Na hiyo raundi ya pili ilishaonyesha kitu ambacho uchaguzi wa wabunge ulikuja kukirudia, kwamba FRETILIN ilikuwa na robo mpaka theluthi ya nchi iliyoipenda kweli kweli, hasa mashariki kule Baucau, Viqueque na Lautém, lakini waliobaki walikuwa tayari kukaa na yeyote ili mradi sio wao.

Tufike kwenye kifungu chenyewe. Kifungu cha 106 cha katiba, kile kilichoandikwa na bunge lenye wingi wa FRETILIN wenyewe, kinasema Waziri Mkuu anapendekezwa na chama kilichopata kura nyingi zaidi au na muungano wa vyama wenye wingi bungeni, na Rais anamteua baada ya kuongea na vyama vilivyomo bungeni. Angalia hilo neno "au". Ndo hilo lilileta moto.

FRETILIN wakasema: kura nyingi zaidi ni zetu, asilimia 29 dhidi ya 24 za CNRT, sisi ndo tunaitwa kwanza, tukishindwa ndo mwite mwingine. Na huo muungano mnaouongelea haukuwepo kwenye karatasi ya kura, mmeuunda Julai baada ya kuona mmeshindwa, wananchi hawajauchagua. Upande wa pili, ambao walijipa jina la AMP, muungano wa wingi wa bunge, wakasema: sisi tuna 37, nyie 21, mkipewa serikali programu yenu inakataliwa bungeni siku ya kwanza, mnataka nchi ipoteze miezi kwa ajili ya heshima tu?

Nimezipima hizi hoja zote mbili muda mrefu na nitasema nilipofika. Kwa maandishi matupu FRETILIN hawakuwa wanabahatisha. Chama cha kura nyingi kimetajwa mwanzo kabisa, na mtu akisoma anaweza akasema huo ni mpangilio wa foleni. Lakini "au" kwa lugha ya kawaida haina foleni, inampa Rais njia mbili halali, na mfumo mzima wa nchi hiyo ni kwamba serikali inaishi kwa pumzi ya bunge. Serikali ambayo bunge linaikataa ni serikali ya wiki chache. Kwa hiyo kimahesabu AMP walikuwa sahihi. Na ushahidi ulikuja wenyewe, bunge lilipokaa kwa mara ya kwanza mwisho wa Julai na kuchagua spika, akapita Fernando Lasama wa PD na sio mtu wa FRETILIN. Wingi ulionekana kwa macho.

Kitu kinachoniuma kwenye kifungu hicho ni kingine. Katiba inasomwa kwa Kireno, na vijana wengi wa nchi walisomeshwa kwa Kiindonesia, nyumbani wanaongea Kitetum na lugha nyingine za makabila. Yani sentensi moja iliyoamua nani atawale iko kwenye lugha ambayo mpiga kura wa kawaida haimudu. Kijana wa Baucau aliambiwa tu na chama chake: tumeshinda. Namba za kwenye redio nazo zinasema FRETILIN ni wa kwanza. Alafu siku moja anaambiwa Waziri Mkuu ni Xanana. Unategemea nini?

Ramos-Horta alijaribu kuwapatanisha, alitaka serikali ya wote ndani yake, kila upande uwemo. Wakakaa vikao, wakavunja, wakakaa tena, na kila mara kinachogonga ni kile kile, nani anakuwa Waziri Mkuu. Julai yote ikaisha hivo. Tarehe 6 Agosti akatangaza ni Xanana, tarehe 8 akamwapisha. Mashariki ikawaka, Baucau na Viqueque nyumba nyingi zikachomwa, Dili nako mawe na matairi, maelfu wakakimbia kwa mara nyingine wakati hata wale wa 2006 hawajarudi makwao. FRETILIN wakasema serikali hii haina uhalali wa kikatiba, wakawa wanaiita tu serikali iliyopo. Wakasusia bunge.

Alafu wakarudi. Hapa nataka nikae kidogo, manake habari nyingi zinarukia moto na kuacha hili. Chama kilichotangaza uhuru wa nchi, chenye wapiganaji wazee wengi mno, kinachoamini kabisa kwamba kimeporwa, kilichukua viti vyake 21 kikaingia bungeni kikakaa upinzani miaka mitano. Hakikurudi msituni. Lu-Olo aliyeishi msituni miaka 24, ambaye anakijua kila kijito kule juu, alikaa akauliza maswali ya bajeti. Tunaandika sana kuhusu waliopewa madaraka na hatuandiki kuhusu waliokubali kukaa bila madaraka, wakati uchaguzi wa nchi changa unasimama au kuanguka kwa hawa wa pili. Kwangu mimi Agosti 2007 mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko wote hakuwa Ramos-Horta aliyeamua, alikuwa mbunge wa FRETILIN aliyerudi Baucau kuwaambia vijana wake basi tena, acheni kuchoma.

Makosa ya Ramos-Horta nayo tuyaseme, nampa heshima yake lakini tuyaseme. Wiki tano ni nyingi mno, kwenye mji ambao maelfu ya watu wako kwenye mahema kila siku ya kusubiri ni siku ya uvumi. Na yeye kama mwamuzi alikuwa ametoka kumshinda mgombea wa FRETILIN mwezi Mei kwa msaada wa huyo huyo anayemteua Agosti. Hata angeamua kwa haki kama malaika bado nusu ya uwanja ingesema refa ni wa timu ile. Hilo halikuwa la kulitibu Agosti, lilitakiwa litibiwe mapema, mwezi Februari au Machi, vyama vyote viitwe vikubaliane "au" hii maana yake nini, wakati bado hakuna anayejua yeye atakuwa upande wa wa kwanza au upande wa muungano. Kanuni ikikubaliwa kabla ya mechi wote wanaipima kwa haki, ikisubiri matokeo kila mtu anaisoma kwa tumbo lake.

Ya baada ya hapo nitayapitia haraka isipokuwa moja. Tarehe 11 Februari 2008 Alfredo Reinado, meja aliyeasi tangu 2006, alifika nyumbani kwa Ramos-Horta na watu wake, akauawa pale pale na Rais akapigwa risasi akakimbizwa Darwin, Australia, akiwa mahututi, msafara wa Xanana nao ukashambuliwa asubuhi hiyo ila yeye akatoka salama. Nchi ilishikilia. Ramos-Horta akapona, waasi waliobaki wakajisalimisha, uasi ukaisha.

Hilo moja ni pesa. Serikali ya Xanana iliwatoa watu kwenye mahema kwa kuwalipa, familia ambayo nyumba yake iliharibika kabisa ilipata mpaka dola 4,500, na wale wanajeshi waliofukuzwa walipewa kama dola 8,000 kila mmoja warudi uraiani. Makambi yakafungwa. Pesa ilitoka wapi? Mafuta na gesi ya Bahari ya Timor, ambayo mwaka 2005 serikali ya Alkatiri ilitunga sheria iwekwe kwenye mfuko maalumu, isitafunwe ovyo. Alkatiri alibanwa sana kwa huo ubahili wake, watu wana njaa wewe unaweka akiba nje. Akaangushwa akiba ikiwa inaanza kujaa, na aliyemwangusha akaitumia kununua utulivu. Mi siwezi kusema Xanana alikosea kulipa, mama aliyelala kwenye hema mwaka wa pili hawezi kusubiri nadharia ya uchumi. Ila kwenye hesabu ya nani aliituliza Timor-Leste jina la Alkatiri lazima liandikwe, na huwa haliandikwi.

2012 CNRT ikaongoza yenyewe, viti 30 kwa 25, hakukuwa na mjadala wa kifungu chochote, na mwisho wa mwaka ule Umoja wa Mataifa ukafunga misheni yake. 2015 Xanana akajiuzulu na uwaziri mkuu akampa Rui Araújo, mtu wa FRETILIN, wazee wakawa wamepatana. Kila mtu akadhani swali la 2007 limeshakufa.

Likafufuka 2017, na safari hii viti vimegeuzwa. Uchaguzi wa Julai: FRETILIN 23, CNRT 22, PLP 8, PD 7, KHUNTO 5. FRETILIN wameongoza kwa kura elfu moja na kidogo tu nchi nzima. Rais sasa ni Lu-Olo mwenyewe, aliyechaguliwa Machi mwaka huo kwa kuungwa mkono na Xanana. Akawa kwenye kiti kile kile alichokaa Ramos-Horta miaka kumi nyuma, na kifungu ni kile kile. Yeye akasoma alivyokuwa akisoma 2007: chama cha kwanza kwanza. KHUNTO waliokuwa waingie kwenye serikali wakajitoa dakika za mwisho, Alkatiri akaunda serikali na PD, viti 30 kati ya 65.

Kilichotokea ndo kile AMP walichokisema 2007. Waliobaki wakajikusanya, 22 na 8 na 5 wakawa 35, Oktoba wakaikataa programu ya serikali bungeni. Nchi ikaenda bila bajeti mpya, matumizi yanakatwa kwa mwezi mwezi, wakandarasi hawalipwi. Tarehe 26 Januari 2018, mara tu ule muda wa miezi sita ambao katiba inakataza kulivunja bunge jipya ulipopita, Lu-Olo akalivunja. Mwezi Mei wakarudia uchaguzi, na sasa Xanana na wenzake wakasimama kama muungano mmoja kwenye karatasi ya kura kabisa, wakapata 34. Hapo walikuwa wamejibu na ile hoja ya zamani ya FRETILIN, kwamba muungano wenu wananchi hawakuuchagua.

Ndo maana nasema kisa hiki kina thamani ambayo ni nadra kuipata. Kwenye maisha ya siasa huwezi kurudisha mkanda uone ingekuwaje kama uamuzi ungekuwa ule mwingine. Timor-Leste ulirudishwa. Kifungu kimoja, wahusika wale wale, uamuzi wa kwanza upande huu na wa pili upande ule. Wa kwanza ulileta moto wa wiki chache alafu serikali ya miaka mitano, wa pili haukuleta moto lakini serikali haikufika hata mwaka. Mtu anaweza akasema moto ni mbaya kuliko serikali kuanguka, na mi siwezi kumbishia, waliochomewa nyumba ni watu na sio mifano ya darasani. Lakini tukiuliza tu kifungu kisomwe vipi, 2017 ilishajibu kwa niaba ya 2007, wingi wa bunge ndo unaobeba serikali, na Ramos-Horta alikuwa amesoma sawa.

Ambacho hakijapata jibu mpaka leo ni umri. Majina makubwa kwenye kisa hiki ni yale yale ya 1975. Zaidi ya nusu ya wananchi wa kule ni vijana ambao Indonesia wanaisikia kwenye hadithi za wazazi, na bado uamuzi mkubwa unarudi kwenye mikono ya wale wanaume wanne.

2022 Ramos-Horta akagombea tena urais, akamshinda Lu-Olo kwa asilimia 62. Mei 2023 ukaja uchaguzi wa bunge: CNRT 31, FRETILIN 19, PD 6, KHUNTO 5, PLP 4. Xanana hakufika 33, akawachukua PD. Chama kilichoongoza na muungano wenye wingi safari hii vilikuwa upande mmoja, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kukifungua tena kifungu cha 106. Tarehe 1 Julai 2023 Ramos-Horta alisimama akamwapisha Xanana uwaziri mkuu, wawili wale wale wa Agosti 2007, mmoja ana miaka 73 na mwingine 77, na nyuma yao bungeni 31 na 6, viti 37.